Reli Imefika Rubya

Tabora,
Jumapili, baada ya misa

Mpenzi wangu Mama Kemilembe,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye vumbi la Tabora. Mimi ni mzima. Kile kikohozi nilichokulalamikia kimeniacha chenyewe baada ya kuona simpi nafasi daktari. Nyinyi hamjambo? Mguu wa mzee wangu Tata unaendeleaje, au bado anaudanganya kwa kuuambia kuwa umepona? Mama bado anaamka kabla ya jogoo na kuwaamsha wote? Na Kemilembe, ameacha kula udongo? Nijibu yote hayo, usiniandikie tu kwamba "wote wazima", maana hata jirani mwenye homa huandikwa hivyo.

Kabla sijaendelea, nina agizo. Ndani ya bahasha umekuta kitu kidogo nilichokifunga kwa karatasi na uzi. Usikifungue mpaka ufike mwisho wa barua. Nakufahamu, Paskazia, mkono wako hauna subira. Mpe Mama akishike. Na najua barua hii utamsomea Tata kwa sauti, kwa hiyo pale nilipopiga mstari pembeni, ruka, usome peke yako.

Sasa nije kwenye habari yenyewe. Barua yenu ya mwisho niliisoma nikacheka, kisha sikucheka tena. Kumbe jirani yetu Laurenti alipopita hapa akielekea Kigoma, akanikuta kazini, alirudi huko akasimama nje ya kanisa na kutangaza kwamba mtoto wa Tata anacheza na gari moshi la watoto mchana kutwa, tena analipwa na Serikali. Na Tata, waitu, akakuamuru uniandikie maneno yake kama alivyoyasema: "Sikumsomesha akacheze. Mkwe wangu hatoki hapa mpaka huyo mchezaji awe na nyumba yenye mlango wake mwenyewe."

Sikumlaumu. Mlango wangu mwenyewe sikuwa nao kweli. Chumba nilicholala ni cha wanaume wanne, na mlango wake ni pazia la gunia. Lakini kuhusu mchezo, naomba nijieleze.

Hapa kwenye karakana ya mafunzo kuna meza kubwa inayojaza chumba, na juu yake reli ndogo na treni ndogo inayokwenda kwa umeme. Si ya kuchezea. Wanafunzi wanaotaka kuwa wasimamizi wa stesheni hujifunza pale namna ya kupishanisha treni mbili kwenye njia moja bila kuua mtu. Ukikosea mezani, unaokota mabehewa na kuanza tena. Ukikosea kwenye reli ya kweli, kule Itigi, unaokota kitu kingine. Mwingereza aliyeianza alirudi kwao akaacha reli, vichwa viwili vya treni na mabehewa yake, basi. Hakuna stesheni, hakuna kijiji, hakuna ubao wa kuongozea. Vijumba vya kununua vinatoka Ulaya na tumeambiwa sasa ni kujitegemea. Mkuu wetu wa karakana, Bwana Chibago, Mgogo mrefu asiyecheka ovyo, akaniita mimi na Maganga, seremala wa hapahapa Tabora, akasema tuimalizie meza kwa vitu vyetu wenyewe.

Akaniambia na jambo jingine. Siku ya majaribio atakuja mkubwa kutoka makao makuu. Akiridhika, nitathibitishwa kazini na kupewa nyumba kwenye kota za wafanyakazi. Asiporidhika, meza inafungiwa stoo, nami narudi kwenye genge la kubadilisha mataruma ya reli, kulala kwenye hema leo hapa kesho kule. Na mtu wa hema hawezi kuita mke. Kwa hiyo, mke wangu, kila msumari niliopigilia pale niliupigilia kwa ajili yako.

Kazi ilikuwa tamu. Stesheni tulizijenga kwa mbao za masanduku ya chai, mabati tukayakata kwenye mikebe ya maziwa, tukayakunja mikunjo kwa kuyagandamiza juu ya kitana cha Maganga. Tangu siku hiyo Maganga hachani nywele vizuri, na anasema ni kosa langu. Tangi la maji la stesheni ni mkebe mtupu uliosimama kwenye miguu ya njiti. Kuta tulizipaka gundi tukanyunyiza mchanga, na ukiangalia kwa mbali utaapa ni mawe.

Ubao wa kuongozea ndio ulionitoa jasho. Ni ubao mpana uliosimama mbele ya kiti cha mwanafunzi, na juu yake nimechora njia zote za mezani kwa rangi nyeupe. Kila mahali reli inapogawanyika pana swichi na taa mbili ndogo za tochi. Ukibonyeza swichi, reli ya kule mezani inasogea, na taa inakuambia imeelekea wapi: kijani ni njia kuu, nyekundu ni njia ya pembeni. Nyuma ya ubao nyaya zilikuwa zimevurugana kama utumbo wa mbuzi. Nilizifungua zote nikaanza upya, kila njia kwa rangi yake, nikazifunga mafungu mafungu kama tunavyofunga nyasi za kuezekea. Maganga akasema sasa hata mwizi akija kuiba nyaya ataona haya kuziharibu.

Ilipofika zamu ya vijiji, Maganga alijenga viwili upande wake: nyumba za udongo na uwanja mweupe uliofagiwa. Cha tatu nikajenga mimi. Nikasimamisha msonge wa nyasi, mzuri, wenye kilele, na nyumba mbili za bati. Nikarudi nyuma nikatazama. Paskazia, zile nyumba zilikuwa uchi. Wewe unajua kwetu nyumba isiyo na migomba si nyumba, ni kibanda cha mchunga ng'ombe aliyepotea kwenye nyasi za rweya. Basi nikakumbuka yale majani makavu ya mgomba uliyofungia kahawa ya kutafuna uliyonitumia. Sikuwa nimeyatupa. Nikayasokota yakawa mashina, majani nikayakata kwenye karatasi nikayapaka kijani, na mikungu nikaifanya kwa punje za mtama. Panya walikula mikungu ya kwanza, nikatengeneza mingine nikaipaka rangi chungu. Nikaanza na mgomba mmoja mlangoni, nikaongeza, nikaongeza, mpaka kibanja cha migomba kikazunguka nyumba zote, kikavuka njia ya miguu, kikafika kando ya reli na kuiinamia. Juu ya stesheni nikaandika jina: RUBYA. Kwa hiyo mwambie Tata kwamba reli imefika.

Siku ya mkubwa ikafika. Ni mtu mzima, mwenye mvi, aliyewahi kusimamia stesheni miaka mingi kabla ya kupanda cheo. Aliketi kando ya meza. Kwenye ubao akaketi Yohana, mwanafunzi wetu mkubwa kuliko wenzake, aliyekuwa karani wa posta. Treni moja ilikuwa imesimama stesheni ya Rubya kwenye njia ya pembeni, nyingine inatoka upande wa Mwanza ipite njia kuu. Jambo dogo kabisa. Mimi nilisimama ukutani nikisali rozari moyoni.

Yohana, badala ya kutazama taa za ubao, alinyanyua shingo kutazama mezani. Stesheni za Maganga ziko wazi, kwa hiyo mpaka hapo macho yalikuwa yamemsaidia, na sote tulikuwa tumezoea kufanya hivyo bila kujijua. Alipofika Rubya aliona majani tu. Akakisia. Taa nyekundu ilikuwa inawaka mbele ya tumbo lake, hakuiona. Treni ya Mwanza ikaingia kwenye migomba yangu na hatukuiona tena. Tulisikia tu ikigonga ile nyingine, na behewa moja likatoka upande wa pili likiwa limelala ubavu.

Niliona hema, niliona mataruma, nilikuona wewe umesimama mlangoni kwa Tata na mtoto mgongoni. Bwana Chibago akaja mpaka kwangu. Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo mbaya zaidi kwake. Akanipa mkasi akasema nikate msitu ule wote, sasa hivi, mbele ya mgeni.

Nikaushika mkasi. Nikafika mezani. Wallahi, kama wanavyosema huku, mkono ulikataa. Najua ni karatasi na makavu. Lakini tangu utotoni Tata alinifundisha kwamba anayemkatia mwenzake migomba amemwambia hamtaki tena duniani, na yale makavu yalitoka kwenye shamba lake, yakafungwa kwa mikono yako. Nikasimama hapo kama mjinga. Mgeni akauliza kuna nini.

"Mzee," nikamwambia, "kwetu mtu hakati migomba yenye mkungu."

Wanafunzi wakacheka. Yeye hakucheka. Alisimama, akainama, akakisoma kile kibao cha stesheni, akauliza reli ilifika Rubya lini. Nikajibu bado, mzee, lakini watu wake wako tayari. Hapo akatabasamu kidogo. Akazunguka meza, akaketi mwenyewe kwenye kiti cha Yohana, na alipotazama mezani naye hakuona kitu ila majani.

Kisha akamwambia Bwana Chibago, "Miaka yote niliyokaa stesheni, treni sikuwa nikiiona. Kulikuwa na mvua, kulikuwa na kona, kulikuwa na giza. Hawa wamekuwa wakifaulu kwa kuchungulia. Migomba ibaki."

Akaagiza ikatwe ile tu iliyoinamia reli, maana hata huko kweli ingekwangua mabehewa. Nilimpa Maganga mkasi akaikata yeye, mimi nikatazama dirishani. Behewa likainuliwa, Yohana akarudi kitini, na safari hii hakunyanyua shingo. Alitazama taa. Akabonyeza swichi ya Rubya, nyekundu ikazimika, kijani ikawaka. Treni ikaingia kwenye kibanja chetu ikapotea. Chumba kizima kiliisubiri treni yenye urefu wa mkono. Halafu kichwa kikatokeza upande wa pili, na behewa moja, na jingine, mpaka la mwisho, ile treni nyingine ikiwa imetulia kwenye njia yake. Nilipiga makofi kabla ya wakubwa. Bwana Chibago alinitazama vibaya, kisha akapiga na yeye.

Kabla ya kuondoka mgeni aliomba mkungu mmoja akamwonyeshe mjukuu wake. Nikamwonya asiuache uonjwe, una rangi chungu.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mwambie Laurenti kwamba mimi nimecheza ugenini, na nimetunzwa. Nimethibitishwa. Siku hizi kila mwanafunzi hupimwa kwenye stesheni ya Rubya, na wanaiogopa kuliko zote.

(Hapa ruka, soma peke yako.) Paskazia, nimechoka kula ugali wa Maganga na nimechoka kulala nikisikiliza wanaume wakikoroma. Nilipokuwa nasokota yale makavu yalinukia kama jikoni kwako, na nililia, na nikamwambia Maganga ni gundi. Nakuhitaji. Sina namna nyingine ya kuliandika. (Endelea kwa sauti.)

Nyumba niliyopewa ni chumba, ukumbi na jiko la nje. Imepakwa chokaa. Uani pako peupe, vumbi tupu, hakuna hata jani. Kwa hiyo mtakapokuja, mwombe Tata miche mitatu ya migomba, achague mwenyewe, maana jicho lake halikosei. Ifunge kwenye gunia lililolowa, uinyweshe maji melini na tena kwenye treni. Tutaipanda pale maji ya kuogea yanapotiririkia. Maganga anasema haitaota hapa. Namwambia mbona kwenye meza imeota.

Msalimie sana Mama, umwambie kahawa ile niliitafuna yote, na makavu yake yamekuwa kijiji. Msalimie shangazi yangu wa Ijuganyondo, umwombe mahali pa kulala usiku mmoja kabla ya kupanda meli Bukoba, nami nimemwandikia pia. Msalimie dada yako mkunga na mumewe, na katekista aliyetufundisha maagano ya ndoa kwa subira nyingi. Laurenti naye msalimie, sina kinyongo, ila mwambie ulimi wake ni treni isiyo na ubao wa kuongozea. Tata mpigie magoti kwa niaba yangu.

Sasa mwombe Mama kile kifurushi ukifungue.

Mwonyeshe Tata kwanza, akishike mwenyewe. Alitaka mlango wangu mwenyewe, na mlango huo una funguo mbili. Moja iko kwenye mfuko wa shati langu. Hiyo nyingine ni yako. Treni yenu inaweza kufika nikiwa zamu, basi usisubiri mtu, wala usigonge. Ni nyumba ya mwisho upande wa reli. Fungua uingie.

Ni mimi mume wako, mjenzi wa Rubya ndogo,
Projestus