Ahadi Zote za Awali

Eldoret,
Jumapili jioni

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi ndogo ya Eldoret kuja kwenye baridi kubwa ya Nyahururu. Natumai barua hii itakukuta mzima, goti limepunguza maumivu, na Mama hajachoka kukukumbusha dawa. Ndugu yangu Mungai ameniambia sakitu, ile barafu ya alfajiri, iliunguza viazi vya upande wa mtoni. Poleni sana. Mimi ni mzima wa afya, ninakula vizuri, na lile koti la sufu alilonitumia Mama nalivaa kila asubuhi hata kama wenzangu ofisini wananiita nyanya mzee.

Utashangaa kwa nini mtu mwenye simu mbili anakuandikia kwa kalamu. Sababu unaijua. Kila nikitaja mambo ya huku kwenye simu, unasema mtandao umekuwa mbaya. Karatasi haina mtandao, Baba. Nimempa Mungai na nimemwagiza asiondoke hapo mpaka umalize kusoma, kwa hivyo mpikieni chai.

Nataka kukusimulia jambo la kazini, na mwishoni nitahitaji jibu lako, kwa sababu kuna mkataba ambao hauwezi kutiwa sahihi mpaka useme neno. Jina la mteja nimelificha kwa makusudi. Nitalitaja mbele, maana nakujua: ukilisoma hapa utaikunja barua hii na kwenda kuangalia ng'ombe. Mwenyewe ameniruhusu nikueleze yote, na mwanawe pia. Wasingeruhusu, nisingethubutu.

Umewahi kuniuliza wakili wa biashara hufanya nini ikiwa haendi mahakamani kupiga kelele. Tunaandika mikataba. Na mwaka huu hata kuiandika si kazi kubwa, kwa sababu ofisi imeanza kutumia akili mnemba. Unaieleza kwenye kompyuta unachotaka, kwa maneno ya kawaida kama ninavyokuandikia wewe, nayo inakuletea mkataba mzima kabla chai haijapoa. Mzee Odera, mwenye ofisi, aliikubali kwa shingo upande na kwa sharti moja, kwamba desturi yake isiguswe. Desturi yenyewe ni kuwa hakuna mtu anayetia sahihi katika ofisi ile kabla mkataba haujasomwa kwa sauti, kifungu kwa kifungu, kwa Kiswahili, wahusika wakiwa wameketi. Haijalishi kama mteja ni profesa. Sisi vijana tulikuwa tunamcheka chini chini, tukisema Mzee anaendesha kikundi cha maombi.

Basi alikuja mzee mmoja mwenye malori, mtu wa maneno machache, pamoja na mwanawe msomi. Kijana alikuwa amepata mwekezaji wa Nairobi, na walitaka malori, ploti na stoo zote ziwe mali ya kampuni moja. Niliieleza mashine, ikaandika. Nikapitisha macho, nikaridhika. Ukweli usemwe, ulikuwa mkataba msafi kuliko wowote niliowahi kuandika kwa mkono wangu, na nilijisikia mjanja sana kwa kazi ambayo sikuifanya.

Siku ya kusoma ilipofika, nilisoma haraka haraka ili tumalize. Karibu na mwisho kuna kifungu ambacho hukaa katika kila mkataba kama chumvi kwenye mboga, wala hakuna anayekiangalia. Kilisema kwamba haya ndiyo makubaliano yote, kwamba ahadi zote za awali, za mdomo au za maandishi, zimefutwa, na kwamba hakuna mtu mwingine yeyote mwenye dai juu ya mali hiyo. Mzee wa malori akaniomba nirudie. Nikarudia. Akauliza, je, na ahadi aliyompa mtu ambaye hayupo hapa chumbani? Nikamjibu kwamba mali ikishakuwa ya kampuni, ahadi hiyo haitakuwa na pa kushika.

Ndipo akaeleza, polepole, huku mwanawe akiangalia saa. Kwamba mwaka ule wa vurugu za uchaguzi jirani yake aliondoka na jamii yake ndani ya lori la mzee, wakiwa wamefichwa chini ya turubai. Kwamba jirani huyo alikuwa amejenga kwa jasho lake stoo ya mbele kwenye ploti ya mzee, na walipoagana mzee alimwahidi kuwa stoo hiyo haitauzwa wala kupewa mtu. Siku atakayorudi, yeye au mtoto wake, itakuwa yake. Karatasi haikuandikwa na shahidi hakuwepo, maana injini ilikuwa imeshawaka.

Baba, nilimjibu kwa ufasaha wote ulioulipia karo. Nilimwambia ahadi ya mdomo juu ya ardhi haina nguvu mahakamani, tena miaka imekwenda, na huyo jirani hawezi kumshtaki hata akitaka. Nikaongeza na maneno yako mwenyewe, yale uliyotulea nayo: neno bila karatasi ni upepo. Nikamshauri atie sahihi akalale usingizi. Mzee akauliza kama hiyo ni kauli ya mashine au ni yangu. Nikasema, tena kwa kujivuna, kwamba ni yetu sote wawili. Akachukua kofia yake. Alisema hakuwa ameuliza kama anaweza kushtakiwa. Halafu akatoka.

Kijana alibaki akinilaumu mimi, akamlaumu Mzee Odera na kusoma kwake, akailaumu hata mvua. Mwekezaji anataka sahihi kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo ataenda kwa watu wengine. Mimi nilibaki na yale maneno ya mzee, na hayakuniacha. Nilikuwa nimesoma sheria miaka yote hiyo na swali lake sikulisikia. Asubuhi yake nilirudi kwenye kompyuta, lakini safari hii sikuuliza ahadi kama hiyo inafutwaje. Niliuliza namna ya kuiheshimu ndani ya mkataba bila kuivunja kampuni. Wala haikusita. Ilinipa sentensi moja nzuri: kwamba stoo ya mbele inabaki nje ya mali ya kampuni kwa ajili ya fulani, mpaka yeye mwenyewe aichukue au aiachilie kwa hiari yake. Kumbe ilikuwa inajua. Ni mimi ambaye sikuwa nimeuliza.

Pahali pa jina iliacha wazi. Nikampigia mzee simu anitajie jina nilijaze. Akasema jina hilo halitajwi kwenye simu, atakuja.

Alikuja peke yake siku ya Alhamisi. Alivua kofia, akaketi, akaniambia nichukue kalamu niandike Wanyoike Muigai, aliyekuwa akiuza mbegu na mbolea Cheptiret. Akasema hadhani kama mimi nitahitaji kuulizia maelezo zaidi.

Jina lake ni Abdullahi, Baba. Tafadhali usiikunje barua.

Alijua tangu mwanzo. Aliona jina langu kwenye kibao cha ofisi, Ciru Wanyoike, akauliza pale chini mimi ni binti wa nani, na akamleta mwanawe, Idris, kwetu badala ya kwa wakili wao wa siku zote. Alitaka ahadi ile iandikwe na mkono wa mtoto wako. Anasema ananikumbuka nikiwa nimekalia magunia ya mbegu, nikila tende zake na kuzitema kokwa dukani. Kwa hivyo siku ile nilipomwambia ahadi yake ni upepo, alikuwa anajua vizuri ni mtoto wa nani anayemwambia. Nililia mbele ya mteja, Baba, jambo ambalo wakili hapaswi kufanya, na yeye akageuka kuangalia dirishani mpaka nikamaliza.

Niliona kwenye karatasi kuwa ploti iko Cheptiret, sikatai. Lakini Cheptiret ina ploti nyingi, na wewe hukuwahi kututajia jina. Ulisema tu "yule mtu", na sisi tukakua tukiamini kuwa yule mtu alikula stoo yetu. Nilisomea mikataba kwa hasira hiyo, ili asiwepo tena wa kutula kwa maneno matupu. Sasa nakuuliza bila kukukosea heshima: aliwahi kukunyima? Au hukuwahi kuja kuuliza, ukiogopa kusikia hapana? Kama ni hivyo sikulaumu. Hata mimi ningeogopa.

Nimejitoa kwenye kazi hiyo, kwa sababu siwezi kukaa pande mbili za meza. Mwenzangu Nabwire ndiye anayeishughulikia sasa. Mzee Odera nilipomweleza hakunikemea. Aliniuliza tu kama bado tunamcheka na kikundi chake cha maombi, na mimi nilidhani hakuwahi kutusikia.

Uamuzi ni wako peke yako. Ukiitaka stoo, ni yako. Ukitaka kuiachilia, iachilie, na Idris ataweza kupumua, maana kijana wa watu amekonda kwa wasiwasi. Abdullahi amesema atakubali lolote, lakini hatatia sahihi kabla hajasikia neno lako. Ila hataki jibu la simu wala la wakili. Anasema wewe ulilisikia neno lake kutoka mdomoni mwake, naye anataka kusikia lako vivyo hivyo. Najua uliapa hutakanyaga tena huku. Najua pia ulichokiona. Sitakusukuma, nitakungoja tu, na chumba nimeshatandika.

Jambo la mwisho aliniambia akiwa ameshika mlango. Stoo ya mbele ina kufuli lile lile. Hajalikata hadi leo, kwa sababu ufunguo uliondoka nao wewe, na hakuona kama ni haki yake kulivunja. Miaka yote hii yeye na vijana wake huingilia mlango wa nyuma.

Baba, ule ufunguo unaoning'inia kwenye msumari hapo jikoni, ule uliotuchapia mimi na Mungai tulipouchezea na hukuwahi kutuambia unafungua nini. Njoo nao.

Mpe Mama mkono wangu, na umwambie koti linafaa. Wasalimie wa kanisani na majirani wote wanaoniulizia. Mungu akulinde njiani, kama utakubali kushika njia.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Ciru