Chumba chenye Vitanda Viwili

Yakobi,
Njombe.
16 Juni, 2024

Mpendwa mwanangu Remmy,

Kamwene. U hali gani huko Ujerumani? Kazi inaendaje, na yale mafua yaliyokuganda tangu Krismasi yamekuachia? Sisi huku tunamshukuru Mungu, tunapumua. Ila baridi ya mwaka huu imetukamata kweli, hata viazi vya bondeni vimeungua. Baba yako Benno anavaa makoti mawili na bado analalamika, utadhani baridi imetumwa kwake peke yake.

Barua hii anakuja nayo Mchungaji Clemens, ambaye yumo kwenye ujumbe wa usharika. Hajui yaliyomo, na nakuomba usimsomee. Ningekuandikia kwenye simu, lakini bibi yako Hulda amekataa katakata. Anasema jambo kama hili liandikwe kwa mkono.

Nimefurahi kusikia kwamba mwezi ujao ukija likizo utapitia Italia na kulala usiku mmoja Ferrara, mji alikozikwa baba yako mdogo Abrahamu. Umeniandikia habari za ngome, na za kuta za kale ambazo watu huzizunguka kwa baiskeli. Sawa, zunguka. Wewe ukiona baiskeli hujawahi kuwa na akili. Lakini huo mpango wa kupita kaburini mara moja, uweke ua, upige picha, halafu ukimbilie treni, shangazi yako haupendi. Tuupange upya.

Unakumbuka Abrahamu aliondoka tukiwa bado tunaishi Makambako, kwenye ile nyumba ya karibu na stesheni. Tulipohamia huku Yakobi, yeye alikuwa tayari kule anachuma mapeasi kwenye mashamba ya watu. Tulimwambia kwenye simu kwamba tumehama. Akacheka, akasema atapajua akifika. Hakufika. Hatukuweza kumleta, tukamlilia bila mwili.

Sasa ile nyumba anaipanga Dorosela, dada mmoja wa kutoka Ludewa, mtu mkimya asiye na makuu. Tangu Pasaka amekuwa akisikia mlango ukigongwa asubuhi, ukungu ukiwa bado mzito. Sauti ya kiume inasema, “Kamwene. Mama yupo?” Akifungua, hakuna mtu.

Mimi unanijua, nilimcheka. Nikaenda kujionea. Tulikuwa tunakunywa chai, mlango ukagongwa, nikaufungua mwenyewe. Nje palikuwa na ukungu tu, na harufu ya mapeasi yaliyoiva, mwezi huu ambao huku kwetu hakuna mti wenye hata peasi moja. Sijacheka tena.

Habari zikamfikia bibi yako. Tangu hapo hakamatiki. Anaamka, anajifunga kitenge, anapanda gari la Makambako, anakwenda kukaa kwenye ile baraza bila kula. Juma lililopita Dorosela alimkuta relini, anatembea kwenye ukungu, mkono mmoja ameunyoosha pembeni kama mtu aliyeshikwa mkono. Alipouliza anakwenda wapi, alijibiwa, “Namsindikiza mwanangu, hajui njia.” Naogopa, Remmy. Abrahamu asipofika nyumbani, mama atamfuata hukohuko aliko.

Ndiyo maana tunakuomba umlete. Kwenye ukoo wetu aliyezikwa ugenini hufuatwa na mtu wa damu yake. Ukifika Ferrara, chukua chumba chenye vitanda viwili, na hicho cha pili usikiwekee hata begi. Asubuhi nenda makaburini, tena mapema, si kulala mpaka jua likuchome kama ulivyozoea. Mwite kwa jina. Mwambie mama amehamia Yakobi, na wewe umekuja kumchukua. Chota udongo kidogo. Kuanzia hapo usimwache: mkikata kona mwambie, mkipanda treni mwambie, mkiingia kwenye ndege mwambie. Kwa sauti, si moyoni. Wazungu watadhani unaongea na simu. Na mkifika Makambako mwambie, hapa hatushuki.

Nilikuwa nimefika hapa, nataka kufunga barua, Dorosela akapiga simu. Alikuwa analia. Bibi yako alikuwa amemfundisha kwamba akigongewa tena asifungue, ajibu kwa ndani. Basi leo asubuhi akajibu: mama hayupo hapa, amehamia Yakobi. Halafu ile sauti ikasema, “Sipajui. Nani atanipeleka?”

Maskini Dorosela! Likamtoka jina ambalo bibi yako hulitaja kila siku pale barazani. Akasema, “Remmy. Atakupeleka Remmy.” Akasikia hatua zikishuka barazani, zikaelekea stesheni.

Nilipompa mama habari hiyo, aliomba uji, akaumaliza. Kisha akaenda kutandika kitanda cha chumba cha nyuma. Nimelia, mwanangu, na sijui kama ni kwa furaha au ni kwa hofu.

Kwa hiyo huenda usimkute Ferrara. Huenda akatangulia kuja kwako, hata kabla ya barua hii. Ukisikia mlango unagongwa asubuhi, na sauti ikasema kamwene, usikimbie. Itikia. Mwambie asubiri, mtaondoka pamoja. Na kaburini nenda vilevile, ukauchukue ule udongo.

Baba yako anakusalimu, anakukumbusha soksi nzito ulizomwahidi. Dorosela anakusalimu, na anaomba umsamehe. Bibi yako anakusalimu sana, na anasema umsalimie Abrahamu.

Mungu awafikishe salama, nyote wawili.

Ni mimi shangazi yako akupendaye,
Esnath