Usimlipe Mwalimu Bado

Karakana ya Giaboksi,
Nyuma ya kiwanda cha mbao.
Jumatatu, tarehe 9 Septemba.

Mpendwa binti yangu, mkunga wetu,

Pokea salamu zangu nyingi kabla ya yote. Hujambo? Miguu je, bado inavimba ukitoka zamu? Na kile kikohozi, kimekuacha au mmeshazoeana? Sisi huku hatujambo. Mama yako mdogo ni mzima, magoti tu ndiyo yanamkumbusha umri, ila ulimi wake haujazeeka hata kidogo. Mimi nipo, nachakaa taratibu.

Najua ulishtuka ulipoambiwa kwa simu usubiri barua. Siku hizi nani anaandika barua kama hana msiba? Hakuna msiba. Atakayekuletea ni yule muuguzi mwenzako aliyekuja likizo. Vua viatu, kaa, soma polepole.

Jambo lenyewe ni hili: usimlipe mwalimu bado. Alhamisi nilisema gari lake ni zima, ulipe tu. Neno hilo nalirudisha. Fundi kula matapishi yake ni kazi ngumu, lakini heri mimi niaibike kuliko wewe ukwame.

Usidhani nililipua kazi. Nilimwambia mwalimu asiliwashe kabla sijafika, maana gari lililokwisha kupata moto huficha ugonjwa, kama mtu aliyemeza vidonge vya maumivu kabla ya kumwona daktari. Nikagusa boneti, baridi. Nikachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, nikakifuta kwa kitambaa cheupe: mafuta mekundu, safi. Yangekuwa meusi yananuka kama sufuria iliyoungua, ningegeuka nikaenda zangu. Yakiwa mapya kabisa nayo naingiwa na wasiwasi, kwa sababu wapo wanaobadilisha mafuta wiki ya kuuza. Mwalimu akanionyesha risiti ya mwaka jana.

Nikakanyaga breki, nikatia rivasi, nikahesabu. Gia ikaingia kabla sijamaliza moja, wala kiti hakikuruka. Nikapanda nalo kilima cha tangi la maji. Giaboksi iliyochoka utaijua kilimani: injini inapiga kelele na gari halisogei, maneno mengi kazi hakuna. Hili likapanda bila kusita. Nikarudi nyumbani kifua mbele, nikampa mama yako mdogo lile neno akupelekee.

Jumamosi mwalimu akatupa lifti kutoka kliniki ya magoti. Yeye akiendesha, mimi mbele, mama yako mdogo nyuma na mkoba mapajani. Hatujafika hata kiwandani, akanigusa bega.

"Wewe mzee, hii gari inalia nini?"

"Inalia wapi?"

"Hapa chini! Akikanyaga mafuta inapanda, akiachia inashuka. Ina maana husikii?"

Nikamtazama mwalimu. Ni mtu mkweli, amefundisha hesabu watoto wa mtaa huu miaka ishirini. Akapunguza mwendo.

"Fundi, huo mlio upo tangu mwezi wa tano. Alhamisi uliponyamaza nikajua umeusikia, ukaona si kitu. Sasa ningekufundisha kazi mimi?"

Mwanangu, sikuwa nimesikia chochote.

Unajua watu wananiitaje. Tangu ulipokuwa mdogo, unakaa juu ya matairi pale karakana ukinisubiri nikupeleke shule, jina langu ni Sikio. Watu wametoka mbali kuleta magari ili Sikio asikilize. Kumbe dalili nilikuwa naziona nazikataa. Wateja walianza kuongea chinichini, nikasema wameshika adabu. Redio ikawa haitoi sauti, nikaibadilishia betri mara mbili. Mama yako mdogo ananiambia kila siku nikapimwe, nami nabisha. Jumamosi ile tuliposhuka garini akaniambia, "Sikio la kufa halisikii dawa," kisha akacheka hadi akashika ukuta. Na mimi nikacheka. Nilipobaki peke yangu sikucheka tena.

Jina si kitu, litapita. Kilichoninyima raha ni kukuwaza wewe ukishahamia zahanati ya mlimani, barabara ile ya mawe, mama mwenye uchungu yuko kiti cha nyuma, na giaboksi inakatika katikati ya mwinuko. Wewe ungekuwa umeliamini neno langu. Akiba yako ya miaka sita ungekuwa umeitoa kwa neno langu hilohilo. Nimeogopa, nasema kweli.

Jana mwalimu alilileta gari karakana tukaliinua, magurudumu ya mbele yakizunguka hewani, yeye akikanyaga mafuta. Zamani nilikuwa naweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye giaboksi na mpini sikioni, nasikia kila kitu. Nikafanya hivyo. Kimya. Nikahamia sikio la pili, kimya vilevile. Kwa hasira nikauma ule mpini kwa meno ili mkono ushike tochi, ncha ikiwa bado imegusa chuma, na hapo nikaisikia. Ilipita kwenye meno ikaingia kichwani: beringi, inasaga. Nilipoachia meno ikapotea, nilipong'ata ikarudi. Wahenga walisema sikio halipiti kichwa, nami nilidhani wanasema mambo ya heshima tu. Mama yako mdogo akanikuta chali chini ya gari nimeng'ata bisibisi, akauliza kama leo nimeanza kula magari.

Kwa hiyo kesho naishusha giaboksi. Ndani ya sinia yake ya mafuta kuna sumaku. Nikikuta ungaunga laini tu, huo ni uchakavu wa kawaida. Tutabadilisha beringi, nawe utalinunua kwa amani. Nikikuta vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole, tutamwachia mwalimu gari lake, hata kama ile rangi umeipenda. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Yeye mwenyewe amekubali kusubiri hadi mwisho wa mwezi.

Na hata nikisema ndiyo, usilipe mpaka uje ulipande kilimani wewe mwenyewe. Zima redio, fungua dirisha, na muuzaji asikupigie hadithi njiani. Mwalimu ni mtu mwema, lakini naye aachwe kimya kidogo. Wewe unasikia moyo wa mtoto aliye tumboni kwa kile kipembe chako cha mbao. Beringi haitakushinda.

Dada yako fundi cherehani anakusalimu sana, anasema umtumie vipimo vya sare mpya. Bibi naye anakusalimu, anauliza lini utaacha kuzalisha wa wenzako uzae wako. Mimi simo, nafikisha ujumbe tu. Msalimie mfamasia unayekaa naye, mwambie dawa yake ya mgongo ilinifaa.

Limebaki moja, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tangu mwezi wa sita, ukipiga simu Jumapili unamwuliza mama yako mdogo niko wapi, naye anasema nimetoka, nipo bafuni, nipo kwa mteja. Mimi ndiye niliyemfundisha. Sasa ananiambia mara ya mwisho ulimwuliza kama nimekukasirikia. Sijakukasirikia, mwanangu, hata siku moja. Sauti yako kwenye simu siipati, na nimeona haya kuitikia "ee, ee" kwa mambo nisiyoyasikia. Jumatano napelekwa kwa daktari wa masikio, nimeacha ubishi.

Jumapili ukipiga, usiulize niko wapi. Nipo palepale kando ya mama yako mdogo, namtazama usoni nijue umesema nini.

Mungu akulinde njiani na kazini, na kila mtoto utakayempokea alie kwa nguvu.

Ni mimi nikupendaye, nisikie nisisikie,

Baba yako mdogo,
Sikio