Seva Uliyoiacha Guangzhou

Huanshi Zhonglu, Guangzhou
Jumapili, baada ya misa

Kaka yangu William,

Shikamoo kaka. Mkono unaendeleaje? Wifi Bibiana aliniambia kwamba siku hizi unafunga vifungo vya shati mwenyewe, na unakataa kusaidiwa hata mkiwa mmechelewa kanisani. Nilicheka, kisha nikamshukuru Mungu. Naamini wote hapo Kashai mnapumua vizuri. Mimi ni mzima, ila joto la huku unalijua, nguo inakuganda mwilini kabla hujavuka barabara.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu najua nitazunguka tu nisifike.

Ile seva yako imetutoa jasho. Makao makuu Dar wameamua kila tawi liweke bakapu, yaani nakala za akiba za faili zote, kwenye huduma moja waliyoikodi, wakanitumia programu yake niisakinishe. Kompyuta zote za ofisini ziliipokea, hata ya Nahla pale mapokezi. Ilipofika zamu ya seva, ikagoma. Ikaandika kwamba aina hiyo ya prosesa haikubaliki. Nikakumbuka ulivyonieleza siku unaileta, kwamba prosesa yake ni ya ARM, si kama zile tulizozizoea, ila haili umeme na haipigi kelele. Kelele ndizo zilizonitisha sasa, maana diski yake moja imeanza kugonga. Na humo ndimo zilimo picha na vipimo vya jinzi za kila mteja, pamoja na hati za makontena yaliyoko njiani.

Laoban wetu, yaani bosi, Bi Chausiku, alikuja akasimama nyuma yangu, mikono kiunoni. Alisema William alituletea mashine isiyoelewana na wenzake, bora itupwe. Nilimsihi asubiri. Kuhamisha kila kitu katikati ya msimu kungesimamisha oda za viwanda vya Xintang. Halafu, kaka, sikupenda jinsi jina lako lilivyotajwa.

Nikapata njia ya mkato mtandaoni, programu nyingine inayoifanya seva ijifanye mashine ya kawaida. Bakapu ikaingia, ikafanya kazi, ikaonyesha alama ya kijani. Bi Chausiku alipiga makofi, akaagiza chai. Ningeweza kuishia hapo. Lakini wewe hukuwahi kuniruhusu niondoke kabla sijajaribu kurudisha faili, kwa hiyo nikaomba irudishe folda ya Abubakary, yule mteja wetu wa Zanzibar. Picha ndogo zilirudi. Faili kubwa zilirudi tupu kabisa, majina tu. Chai ikapoa mbele yangu. Nilikwenda nikamwambia Bi Chausiku kwamba bado hatuna kitu, na kwamba alama ile imetudanganya. Alisukuma kikombe chake kando akaendelea kunitazama, nami sikujua ananipima au ananihurumia.

Nahla, ambaye Kichina chake kinatushinda sote, aliwapigia simu wenye ile huduma ya bakapu kwa niaba yangu, mimi nikiwa nauliza naye akitafsiri. Kila swali lilirudi na meiyou, hakuna. Programu ya ARM hakuna, na lini itakuwepo hawajui. Mwishowe Nahla akafunika simu kwa kiganja.

“Joyness, acha kuuliza kama wanayo. Waulize wenye mashine kama yetu wanafanyaje.”

Hapo yule dada wa upande wa pili akafunguka. Alisema wengine huweka kompyuta ya kawaida pembeni, inayofungua folda za seva kupitia mtandao wa ofisi, kisha bakapu husakinishwa kwenye kompyuta hiyo. Hawatoi dhamana, alisema, ila watu wanafanya. Nilichukua laptop ya zamani ya mhasibu, nikaiunganisha na seva, nikasakinisha bakapu humo. Nikaiandikia seva amri ya kutoa kwanza nakala ya kumbukumbu za oda, zisije zikachukuliwa zikiwa zimeandikwa nusu. Kisha nikaomba tena folda ya Abubakary, nikafungua faili moja moja. Zote zilifunguka, hadi picha ya mshono wa mfuko wa nyuma. Nahla alinikumbatia mpaka mtandio ukamvuka.

Sasa nifike ninakokwenda.

Bi Chausiku aliniita ofisini kwake akafunga mlango. Alisema kiti chako hakiwezi kuendelea kushikiliwa, anataka mtu wa kudumu, na anataka niwe mimi. Nilimjibu kwamba ni cha kaka, mimi nimekikalia tu. Akaniuliza kwa upole, “Daktari amewaambia nini nyumbani?”

Kaka, nilikuwa najua. Daktari alimwambia wifi kwamba safari ya huku na kazi hii haviwezekani tena kwako. Wifi alikosa ujasiri wa kukuambia, kwa sababu kila asubuhi anakuona ukilitazama lile begi ulilokwisha kulipanga. Usimlaumu. Nilimpigia nikamwambia nitakuandikia. Alilia, kisha akasema andika, mimi nimeshindwa.

Nimekubali, kaka. Nimeshasaini. Sikutaka uyasikie kwa watu wa soko la Zhanqian, ambao habari kwao hufika kabla ya mzigo. Ningependa kukuambia kwamba nililazimika. Ukweli ni kwamba kazi hii naiweza na naipenda, na pale ofisini moyo wangu ulifurahi kwanza, ndipo ukauma. Hilo ndilo lililonichelewesha kuandika.

Ukikasirika, nipigie unigombeze. Maneno yakichelewa kutoka nitasubiri, sitakumalizia sentensi kama wafanyavyo wengine.

Bi Chausiku anakusalimu sana, na Nahla anasema hajapata mwingine wa kumtania. Mbusu wifi kwa niaba yangu, na uwaambie hapo nyumbani kwamba mimi bado ni wenu.

Mdogo wako,
Joyness