Kitufe cha Shemeji

Wewe, uko wapi? Nimejifungia chooni kwa watu, mbavu sina.

Nimemsindikiza shemeji kukagua ile amplifaya kuukuu ya gitaa, zile za valvu, anayotaka kununua. Muuzaji anasema fundi aliiongezea kitufe cha kuzungusha cha sauti nyuma, eti ukikipunguza gitaa linanguruma vilevile bila kuamsha majirani.

Shemeji kafumba macho, anapiga, muuzaji anakizungusha kitufe. "Umesikia? Hapo imekolea," shemeji ananiambia. Kikazungushwa tena. "Hapana, rudisha, hapo imepoa."

Imepoa. Mimi nasikia sauti ileile, inanipasua masikio.

Nikachomoa umeme, nikafungua nyuma. Kitufe hakina hata waya mmoja. Fundi katoboa tundu, akakichomeka, basi. Muuzaji mwenyewe kaduwaa.

Nikamwita shemeji aone. Akachungulia weee, akakohoa. "Wewe hujazoea kusikiliza." Mimi huyu, ninayempigia besi miaka yote.

Sasa unadhani kadai kiunganishwe waya? Thubutu. Kamwambia muuzaji, "Naichukua. Ila hicho kitufe kibaki hapohapo kilipo, asikiguse mtu, tutapoteza ile ladha."