Usiseme Unatembea Tu

Chanji,
Sumbawanga.
14 Juni 2025

Mpendwa mpwa wangu Rahel,

Kosa wanalofanya watu wengi wakifika ugenini ni kuuliza njia kabla ya kusalimia. Nina mengi ya kukuambia, na moyo unanisukuma niyamwage yote sasa hivi, lakini nitasalimia kwanza. Marahaba kwa shikamoo yako. Waendeleaje? Mkono wa kulia umepata nguvu kidogo, unaweza kushika kikombe kikiwa kimejaa? Dawa za presha unazimeza hata siku ile unayojisikia mzima? Obed mumeo hajambo, na mtoto anakwenda shule vizuri?

Sisi huku tu wazima. Baridi imeshaanza, ile ya asubuhi inayofanya vidole vikatae kufunga vifungo. Magoti yangu yanalalamika, lakini hayo ni mazoea yao. Kristiana mke wangu ni mzima kuliko mimi, na hasahau kunikumbusha.

Nimeandika kwa mkono, na Kristiana ataipiga picha barua hii akutumie kwa simu ili uipate leo leo. Ningeweza kupiga simu. Lakini tulipozungumza mara ya mwisho nilisikia unavyoyatafuta maneno, nami nikawa nakumalizia kabla hujayafikia. Ile haikuwa adabu. Karatasi haimkatizi mtu.

Sasa nije kwenye ujumbe wako. Umesema kampuni inakutuma hapa mwezi mzima kukagua mahindi kwenye maghala, na kwamba daktari wa Morogoro amekuamuru utembee kila siku bila kuruka, maana kiharusi kilichopita kilikuwa kidogo na hataki kije kikubwa. Umeniuliza wapi pazuri pa kutembea. Kisha ukaongeza kwamba utatoka alfajiri peke yako na kukata mashambani, kama ulivyokuwa ukifanya na dada yangu Bertha, marehemu mama yako. Tangu niyasome maneno hayo sijatulia.

Nikueleze, maana uliondoka hapa ungali mdogo na huenda umesahau. Huko Morogoro, mwanamke akivaa raba na kwenda mbio mbio asubuhi, watu wanajua anafanya mazoezi. Hapa katikati ya mji wanajua pia. Lakini ukishavuka nyumba za mwisho, njia si mali ya kila mtu. Njia inapita kwenye uwanja wa fulani, nyuma ya jiko la fulani, ukingoni mwa maharage ya fulani. Anayepita anasalimia, anaulizwa anakotoka na anakokwenda, anajibu, anaendelea. Ukiulizwa unakwenda wapi na ukasema unatembea tu, umejibu jibu ambalo hapa halipo. Mtu mzima mwenye akili hatembei tu. Ana anachokitafuta, na kama hakisemi basi si chema.

Usidhani nazua. Mwaka jana binamu yako Elia, mtoto wa kaka yangu, alikuja hapa kikazi kwa mambo ya mbolea. Naye aliambiwa apunguze mwili. Asubuhi akatoka nje ya mji, akapata shamba zuri la tambarare, akaanza kutembea ukingoni mwake: anakwenda hadi mwisho, anageuka, anarudi, kila mara anatazama simu, kwa sababu simu yake inamhesabia hatua. Wewe unaelewa alichokuwa akifanya. Lakini jiweke kwenye nafasi ya mwenye shamba, ambaye ana kesi ya mpaka na jirani yake, anafungua mlango wake na kumwona mgeni anapima shamba lake kwa miguu na kuandika kwenye simu.

Kibaya zaidi, Elia alipochoka alipanda juu ya tuta apumzike na kupiga picha ya milima. Matuta yetu ya mviringo, tunayoyaita ntumba, unayakumbuka: nyasi hufunikwa udongo zikaozea ndani, ndiyo mbolea ya msimu ujao. Kwa mgeni ni kichuguu. Kwa mwenyewe ni mgongo wake uliouma tangu masika.

Walimzunguka. Wakamuuliza anatafuta nini. Akasema anatembea tu. Wakamuuliza ametumwa na nani. Akacheka, akasema ametumwa na tumbo lake, na hakuna aliyecheka naye. Alikaa kwenye ofisi ya kijiji hadi nilipofika kumtambulisha. Hakupigwa, hakutukanwa, mama mmoja alimletea hata uji. Lakini aliondoka na basi la kesho yake, na hajarudi.

Na huyo ni Elia, Rahel. Elia ambaye akianza kusema redio huzimwa. Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba ukishtuka ulimi unakuwa mzito na maneno hayatoki, hata jina lako. Basi nikakuona umesimama katikati ya wanaume wanaokuuliza swali moja mara mbili, mara tatu, nawe unajua jibu na huwezi kulitoa, na wao wanahesabu kimya chako kuwa ni hatia. Presha yako ingefanya nini hapo? Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Baridi, mbwa, vumbi la malori ya mahindi, hayo yote yana dawa.

Sikuwa na njia nyingine ila kuipima njia mwenyewe. Magoti yakakataa. Kwa hiyo nikamchukua Polikarp, dereva wa bodaboda wa hapa kwenye kona yetu, mtu mzima mwenye wajukuu, nikamwomba aendeshe kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kristiana akatangulia kwa miguu, sisi tukawa tunamfuata nyuma kwenye pikipiki, tunanguruma polepole kama watu wanaosindikiza jeneza. Nia yangu ilikuwa kuona wewe utachoka wapi na utapumzika wapi.

Watu walikufa kwa kicheko. Kwenye genge la kwanza mwenye genge aliniuliza, "Mwalimu, mama anatembea na wewe umebebwa kama gunia?"

Kristiana hakugeuka hata. "Afadhali gunia lingeuzwa," akasema. "Hili nimelitunza miaka yote, mnunuzi hajatokea."

Polikarp alicheka mpaka pikipiki ikazimika.

Njia yenyewe ni nzuri, nataka uijue. Nyumba ya wageni uliyopangiwa na kampuni iko nyuma ya soko. Usishike barabara ya maghala, utakunywa vumbi. Shika njia ya chini inayofuata mikaratusi, hapo asubuhi pana harufu ya majani na moshi wa kuni, na pikipiki ni chache. Utafika kwenye kijito chenye daraja la mbao. Simama hapo, si kwa sababu umechoka bali kwa sababu mara nyingi kuna korongo wawili kwenye majani, na mama yako alikuwa hapiti bila kuwatazama. Baada ya daraja ni mpando mpole, hauvunji pumzi, ila kumbuka huku ni juu, hewa ni nyepesi, mgeni huchoka mapema na kudhani anaumwa. Juu kabisa ni kwa Valeria. Ukigeuka pale unauona mji wote, na upande wa mawio milima ya Mbizi.

Valeria unamkumbuka? Ni yule rafiki wa mama yako aliyekuwa akikusuka ukilia. Ni mjane sasa, anafuga ng'ombe wa maziwa.

Lakini kabla ya kufika kwake, pale mpando unapoisha, pana njia panda na wanaume kama wanne walikuwa wanarekebisha mkokoteni. Kristiana alikuwa mbele, sisi tulikuwa nyuma ya kona. Wakamsalimia, wakamuuliza mama anakwenda wapi. Mke wangu unamjua. Akaamua kujaribu. Akajibu, "Natembea tu."

Nilipotokea kwenye kona, nyundo zilikuwa zimenyamaza. Mmoja alikuwa ameinuka. Kristiana amezaliwa mji huu, anazungumza Kifipa kuliko mimi, na bado niliona wanamtazama kuanzia miguuni kwenda juu. Mzee wao akamuuliza taratibu, "Unatembea tu kwenda kwa nani?"

Hapo Kristiana akasema anakwenda kwa Valeria kuchukua maziwa. Ungeona nyuso zilivyofunguka, kama dirisha. Aliyeinuka akaketi. Mwingine akamwambia Valeria yupo, amemsikia sasa hivi anamgombeza ndama. Wakamwonyesha hata njia ya mkato.

Swali ni lile lile, mtu ni yule yule. Kilichobadilika ni kwamba sasa ana safari.

Nikakaa kwa Valeria nikiwaza. Kristiana amelisema jibu hilo kwa pumzi moja. Wewe je, siku ambayo ulimi umekataa? Ndipo Valeria akaingia ndani akatoka na kidumu, kile kidogo cha njano chenye kamba mkononi. Akasema utembee nacho kila siku. Kitupu ukienda, kimejaa ukirudi. Mtu akikiona hana haja ya kukuuliza, na akikuuliza unakiinua tu juu. Mwanamke mwenye kidumu cha maziwa ana safari hata kama hajafungua mdomo.

Kwa hiyo ndivyo itakavyokuwa. Siku ya kwanza Kristiana atakupitia, mtakwenda pamoja, mtasimama kila nyumba. Ukikutana na wazee inama kidogo, piga yale makofi mawili ya polepole tuliyokufundisha. Yanasema shikamoo yenyewe bila neno. Usitoke alfajiri, subiri jua lipande juu ya Mbizi. Vaa sweta hata jua likiwa kali, maana jua la huku linang'aa kuliko linavyochoma, na upepo haukutangazii kabla ya kufika. Simu iweke mfukoni. Ikihesabu hatua, ihesabu humo humo. Mkononi ni kidumu, kwenye mkono wa kushoto wakati wa kurudi, mpaka ule wa kulia ukubali.

Mbizi usiende peke yako. Ninajua utatamani, hata mimi ninatamani. Tutatafuta Jumapili moja na Kristiana.

Bado nina hofu, siwezi kukudanganya. Mkokoteni ukishatengenezwa, pale njia panda watakuwa watu wengine. Valeria ndiye aliyelitazama hilo. Aliahidi kupita nyumba zote za njia ile, na kwa wale wanaume, awaambie mtoto wa Bertha amerudi na ni mgonjwa wa maneno, si wa akili. Akaniomba picha yako awaonyeshe. Nikampa niliyo nayo, ile ya harusi yako. Aliitazama, akasema, "Huyu ni Bertha mtupu." Kisha akaniuliza, "Na sasa anafananaje?"

Tangu uugue hujatuma picha hata moja. Sikulaumu. Obed aliniambia upande wa mdomo ulishuka na bado haujarudi vizuri, na kwamba kwako mmegeuza kioo kikatazama ukuta. Lakini wale watu wakionyeshwa bibi harusi na akaja mtu mwingine, tutakuwa tumewaandaa kumwamini mwanamke ambaye hatakuja.

Msalimie Obed, mwambie nimemshukuru kwa kukubali uje. Mbusu mtoto. Kristiana anakusalimu, Valeria anakusalimu na anasema nywele zako anazidai. Polikarp naye anakusalimu ingawa hakujui. Anasema sasa anajua njia yako kuliko yake. Mungu aliyekubakishia miguu akutangulie kwenye kila njia utakayoikanyaga, na akurudishe na kidumu kimejaa.

Mimi mjomba wako, ninayekupenda na kukungoja,
Kasmir

Rahel, ukimaliza kusoma, kabla hujaweka simu chini, jipige picha ulivyo leo, uso mzima, unitumie.