Mgongo wa Mdogo Wangu

Jumanne, 3 Juni

Mita elfu moja mara tano. Mdogo wangu mbele, mimi mgongoni mwake, kama kila Jumanne. Kona ya mwisho natoka nje, nampita. Ndivyo kocha anavyotaka. Mara nne nimempita. Ya tano mguu wa kushoto umegoma — kitu kimenichoma kwenye muundi, kama mtu kanipiga spana. Nikajifanya nimeteleza.

Kocha hakuona, alikuwa anahubiri. Mzunguko wa mwisho ndio mbio, anasema, mingine ni usafiri tu. Wenzetu wakacheka. Mdogo wangu hakucheka. Yeye ndiye anayetusafirisha!

Alhamisi, 5 Juni

Hospitali, peke yangu. Niliaga naenda saluni.

Daktari kabandika picha kwenye taa. Mfupa wa muundi una ufa, mwembamba kama unywele. Nikauliza kama naweza kukimbia fainali ya wiki ijayo. Kavua miwani, kanitazama kama nimemtukana. Kukimbia kwa mwendo mmoja ni ujinga, kasema, ila kubadili kasi ghafla ni kuuvunja kwa makusudi. Unaweza kukatika mbele ya watu wote.

Kubadili kasi ghafla. Kitu pekee ninachokijua duniani.

Nyumbani mdogo wangu kaniuliza ni saluni gani hiyo, mtu anarudi na nywele zilezile. Nikamwambia foleni.

Ijumaa, 6 Juni

Timu ya taifa ina nafasi mbili kwa wanawake wa mita 1,500, na fainali ndiyo itakayochagua. Moja ina mwenyewe — Askari, yule mrefu wa klabu ya jeshi, hakuna wa kumgusa. Inabaki moja. Nina miaka thelathini na moja. Nikikosa safari hii, ndiyo basi tena.

Simwambii mtu.

Jumatatu, 9 Juni

Nimemwambia kocha paja limekaza, wiki hii nitembee tembee tu. Kakubali upesi mno. Wewe umezaliwa na umaliziaji, kasema, huhitaji mazoezi. Upuuzi mtupu!

Nikakaa kwenye benchi, nikamwangalia mdogo wangu akiongoza. Miaka yote hii nimeujua mgongo wake tu. Leo nimemwona kutoka ubavuni. Upepo wote unampiga yeye. Mabega yanapanda, mdomo unakauka, na kila akifika kona anageuza shingo kidogo. Ananitafuta. Hata leo, na mimi nimekaa kwenye benchi!

Magazeti huandika kwamba nina injini ya ajabu mwishoni. Injini gani? Ni nguvu iliyobaki kwa sababu mwenzangu amemaliza yake. Nani aliwahi kuandika habari za mgongo wake? Nimejisikia vibaya sana. Halafu nikarudi chumbani kuweka barafu mguuni.

Jumamosi, 14 Juni

Mchujo. Mdogo wangu kafuzu kwenye kundi lake kiulaini. Mimi nimepenya kwa tundu la sindano.

Hakuna aliyetaka kuongoza, tukaenda mwendo wa kinyonga. Kengele ilipolia wote wakachomoka, ikabidi nami nichomoke. Hatua chache tu — nimeng'ata ulimi mpaka damu. Nafasi ya mwisho ya kufuzu. Kocha anachekelea, eti nimewazuga wapinzani vizuri.

Mama kapiga simu. Kaalika majirani waje kutazama kwenye televisheni. Nani atashinda, kauliza. Nikasema Askari. Basi mmoja wenu awe wa pili, kasema, mimi sichagui, nyote nimewazaa kwa uchungu uleule.

Kesho wakienda taratibu tena nimekwisha. Naomba mtu mmoja tu apige mbio tangu mwanzo. Nikisema mtu mmoja, namjua ninayemsema.

Jumapili, 15 Juni

Uwanja wa kupasha misuli moto. Nimekaa ukutani, naandika ili nisiuangalie mguu.

Mdogo wangu kaja, kakaa kando yangu. Uso unang'aa.

"Dada, usikasirike. Leo siongozi."

Kumbe miezi mitatu anaamka kabla yetu, anafanya mbio fupi peke yake. Kocha hajui. "Nimechoka kuwa punda wako," kasema, akacheka, akanigonga bega. "Leo tumalizie wote, tuone nani ni nani."

Nikacheka pia. Ningefanyaje?

Akaniona nahangaika na kamba za kiatu. Akapiga magoti anifungie, kama nilivyokuwa namfungia mimi zamani akienda shule. Mkono ukagusa muundi. Niliruka. Akateremsha soksi. Pamevimba, pana moto.

Hakupiga kelele. Kauliza tangu lini. Nikamwambia. Kauliza kama kocha anajua. Nikatikisa kichwa. Kapandisha soksi taratibu, kafunga kamba fundo mara mbili.

"Huwezi kuacha?"

"Siwezi."

"Basi naongoza. Tangu mlio wa bastola. Nitawachosha wote, wasibaki na cha kumalizia. Wewe kaa mgongoni kwangu, usibadili kasi. Shikilia tu."

Akikimbia hivyo atapitwa kwenye mita za mwisho. Anajua. Mimi najua kuliko yeye, maana mimi ndiye niliyekuwa nampita. Hiyo nafasi moja iliyobaki angeipata leo, kwa miguu yake mwenyewe. Kafanya kazi ya siri miezi mitatu, na kaitupa kwa muda wa kufunga kamba za kiatu.

Kaenda kunawa uso. Nilitakiwa niseme hapana palepale. Neno lenyewe fupi!

Anarudi. Maji yanamchuruzika shingoni. Wameanza kuita namba zetu. Kasimama mbele yangu, kaninyooshea mkono niinuke, na ananitazama kana kwamba ananipa nafasi ya kusema.

Bado sijasema.